Kompyuta ya Majaribio Isijue Pesa Yako Iko Wapi: Funzo Kutoka Duka la Gesi Kayole

Ilikuwa Jumanne, saa mbili usiku na dakika chache. Waendesha nduthi 14 waliokuwa wametawanyika kati ya Kayole, Komarock na Umoja walisikia simu zao zikilia karibu wakati mmoja. Pesa imeingia. Shida ni kwamba walikuwa wameshalipwa saa moja iliyopita. Wengine walidhani ni bonasi. Mmoja alimpigia mwenye duka kabisa, akamshukuru na kumwombea baraka.

Mwenye duka, mteja wetu anayeuza gesi na maji ya kunywa karibu na stage ya Masimba, hakuelewa anashukuriwa kwa nini. Alipofungua akaunti ya biashara alikuta imepungua shilingi 11,900. Hiyo ilikuwa pesa ya kujaza mitungi kesho yake asubuhi. Kabla hajamaliza kuhesabu, kakake mdogo akatokea nyuma ya duka, uso umemshuka, akasema: "Dada, nimeharibu."

Tulimtembelea wiki chache baadaye. Ametukubalia tusimulie, ila majina tumeyaacha kando. Tunaandika haya kwa sababu kila wiki tunakutana na wateja ambao wana mtoto, mpwa, au kijana wa jirani "anayejua kompyuta" na anayewatengenezea mfumo wa malipo. Hilo ni jambo zuri sana. Tunachotaka ni kwamba kazi hiyo ifanyike mahali ambapo kosa likitokea, hakuna shilingi inayotoka mfukoni.

Nini hasa kilifanyika?

Kijana anasomea kompyuta chuoni. Dadake alikuwa analipa waendesha nduthi mmoja mmoja kila jioni, kazi ya karibu nusu saa, na mara nyingine anaruka jina. Kijana akaamua kumtengenezea programu: unaingiza safari za siku, inapiga hesabu, unabonyeza kitufe kimoja, wote wanalipwa kwa mpigo. Kusema kweli, wazo lake lilikuwa poa.

Lakini laptopu yake ilikuwa imevunjika kioo, kwa hivyo akawa anatumia ya duka. Hiyo laptopu ya duka ndiyo iliyokuwa na kila kitu: akaunti ya biashara ikiwa wazi kwenye brauza, WhatsApp ya wateja, orodha ya waendesha nduthi na nambari zao, pamoja na funguo za mfumo wa malipo.

Tueleze kidogo hizo funguo. Programu inapotaka kutuma pesa, haina kidole cha kubonyeza PIN kama wewe. Inajitambulisha kwa mfumo wa malipo kwa kutumia maandishi marefu ya siri, herufi na tarakimu zimechanganyika. Hizo ndizo funguo. Kuna funguo za majaribio, ambazo hazigusi pesa yoyote, na kuna funguo za kweli. Katika mifumo mingine, kwa macho zote zinafanana. Hapo si rahisi mtu kuziangalia akakwambia hii ni ipi.

Usiku ule kijana alitaka kuona kama kitufe kinafanya kazi. Aliamini programu yake inasoma funguo za majaribio. Haikuwa hivyo: ilisoma zile za kweli, zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye mashine hiyo hiyo tangu duka lilipounganishwa. Na kwa majina, alikuwa ameweka orodha halisi ya jioni ile, ili "ionekane kama kweli". Ikaonekana kama kweli.

Angalia vizuri hapo. Yalikuwa makosa mawili: funguo za kweli, na nambari za watu wa kweli. Ukiondoa moja tu, hakuna mwendesha nduthi angepata pesa ambayo si yake. Kijana hakukosa akili. Alikosa mahali pa kukosea.

Kalongolongo ya pesa

Karibu kila mfumo mkubwa wa malipo una uwanja wa majaribio unaoitwa sandiboksi. Ukitaka kuuelewa, kumbuka kalongolongo ulipokuwa mdogo. Udongo ndio ugali, vifuniko vya soda ndio pesa, na jirani yako ndiye mwenye duka. Unanunua, unauza, unagombana kuhusu chenji, na jioni mama akiita, hakuna aliyepata hasara.

Safaricom ilifungua jukwaa lake la watengeneza programu, Daraja, mwaka 2017. Ndani yake kuna sandiboksi ambapo mtu anajiandikisha bila malipo na kupata funguo za majaribio. Ukimuuliza kijana yeyote aliyewahi kuunganisha programu na M-Pesa kuhusu nambari 174379, atacheka. Hiyo ndiyo nambari ya biashara ya majaribio ambayo wengi walianza nayo. Kampuni nyingine za malipo pia zina viwanja kama hivyo, nasi tunao.

Kujaribu kwanza pembeni si jambo geni kwa pesa za simu. M-Pesa yenyewe haikuanza na Kenya nzima. Kabla ya kufunguliwa kwa umma Machi 2007, ilifanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005 na wateja mia chache tu, Nairobi na Thika, wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu. Wazo la mwanzo lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Majaribio ndiyo yaliyoonyesha kwamba watu walikuwa wanatumiana pesa wao kwa wao, na huduma ikageuzwa ifuate hapo. Kama wangeruka hatua hiyo, pengine tungekuwa tunaongea mambo mengine leo.

Sasa, sandiboksi ni nzuri, lakini haitoshi peke yake. Kijana wetu alikuwa na akaunti ya sandiboksi. Tatizo lilikuwa kwamba sandiboksi na duka la kweli vilikaa kwenye mashine moja, na mkono ukateleza. Ndiyo maana tunasema: kama unaweza, tenga kompyuta nzima.

Kompyuta ya pili si lazima iwe mpya

Hapa ndipo wateja wengi hutuangalia kwa jicho la "nyinyi mnadhani pesa inaokotwa". Tulia. Kompyuta ya majaribio haihitaji kuwa nzuri. Inahitaji kuwa haina kitu cha kupotea.

Dada huyu alinunua laptopu ya ex-UK pale mjini kwa shilingi 17,500. Linganisha na 11,900 zilizotoka usiku mmoja. Kuna sababu nyingine ambayo mashine za aina hii zimekuwa rahisi kupata: Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kwa kazi ya ofisi hilo ni tatizo. Kwa mtengeneza programu si neno, kwa sababu anaweza kuweka Linux kama Ubuntu, ambayo ni ya bure na inaendelea kupata masasisho.

Ukienda kununua, iwe Luthuli Avenue, Moi Avenue au kwa fundi wa mtaani, angalia haya:

1. RAM iwe angalau GB 8, na diski iwe ya SSD. Mashine ya miaka mingi yenye SSD hufanya kazi vizuri kuliko unavyodhani.

2. Iwashe bila chaja, uiache dakika 20 ukiendelea na maongezi. Sisi wa Eastlands tunajua stima. Betri iliyokufa itakukatia kazi katikati.

3. Hakikisha haiulizi nenosiri kabla ya Windows kuanza. Ikiuliza, na muuzaji hana, achana nayo.

4. Dai risiti yenye nambari ya utambulisho ya mashine (serial number) iliyoandikwa chini yake. Hutaki kununua laptopu ya mtu aliyeibiwa juzi kwenye mathree.

5. Ukifika nyumbani, futa diski yote na uweke mfumo upya. Usitumie Windows uliyoikuta. Hujui ilikuja na nini.

Sheria za nyumba

Kununua mashine ni nusu ya kazi. Kama siku ya pili utaingia nayo kwenye akaunti ya biashara "mara moja tu", umerudi pale pale. Hizi ndizo sheria ambazo dada na kakake waliandika kwenye karatasi na kubandika ukutani. Tumeziongezea maelezo kidogo.

Kompyuta ya majaribio haijui akaunti ya kweli. Hakuna kuingia kwenye akaunti ya biashara, hakuna WhatsApp ya duka, hakuna barua pepe inayopokea nywila za kubadilisha PIN. Brauza ikiuliza kama ihifadhi nenosiri, jibu ni hapana.

Funguo za kweli hazikanyagi hapo. Kwenye mashine hiyo kuna funguo za sandiboksi peke yake. Funguo za kweli zinakaa kwenye seva inayoendesha mfumo, na mwenye biashara ndiye anayeamua ziwekwe lini. Pia, kijana asiandike funguo ndani ya programu yenyewe. Vijana wengi huweka kazi zao GitHub ili waonyeshe waajiri, na funguo zikienda nazo, yeyote duniani anaweza kuzisoma. Zikivuja, kufuta faili hakutoshi. Omba funguo mpya na zile za zamani zizimwe.

Majina ni ya kubuni. Programu ya majaribio haihitaji kujua nani anaishi wapi na nambari yake ni ipi. Weka "Mteja wa Kwanza", "Mteja wa Pili". Hili si adabu tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na jina pamoja na nambari ya simu ya mteja ni data yake binafsi. Alikupa ili umletee gesi. Hakukupa ili ikae kwenye laptopu ya majaribio inayobebwa kwenye mkoba hadi chuo na kurudi.

Simu ya majaribio pia iwe kando. Kuna mambo ambayo lazima uyaone kwenye simu, kwa mfano ule ujumbe unaotokea kwenye skrini ukikuomba uweke PIN. Kabambe na laini ya pili, iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, vinatosha. Usiweke pesa nyingi kwenye laini hiyo. Kawaida ya watengeneza programu ni kujaribu na shilingi 1, na ni kawaida nzuri.

Mashine zisifanane. Hili lilitufurahisha. Laptopu ya duka imebandikwa stika nyekundu, ya majaribio stika ya kijani, na picha ya skrini ni ya kijani pia. Utasema ni utoto. Lakini saa nne usiku, macho yamechoka, rangi ndiyo inayokukumbusha uko wapi.

Na kama sina pesa ya kompyuta ya pili?

Tunaelewa. Kuna njia mbili za katikati, mradi ujue mipaka yake.

Ya kwanza ni kufungua akaunti nyingine ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo, na nenosiri lake. Ukiingia kama "majaribio", hukuti brauza ya duka wala mafaili ya duka. Ni bure na inachukua dakika 10. Udhaifu wake ni kwamba mashine bado ni moja. Programu mbaya ikiingia na ikapata mamlaka makubwa, inaweza kuvuka.

Ya pili ni kompyuta ndani ya kompyuta. Programu kama VirtualBox hukuwezesha kuendesha Ubuntu ndani ya dirisha moja, ikiwa na diski yake. Ukiharibu, unaifuta na kuanza upya. Hii ina ukuta mzito kuliko ya kwanza, lakini inakula RAM. Kwenye mashine ya GB 4 utakesha ukingoja.

Njia ambayo hatukushauri hata kidogo ni kufanyia majaribio kwenye kompyuta ya saiba, kisha kuingia hapo hapo kwenye akaunti ya biashara. Hujui nani alikaa kwenye kiti hicho kabla yako, wala ameacha nini.

Wewe si mtu wa kompyuta? Uliza maswali haya matano

Wengi wenu mnaosoma hapa hamtaandika programu hata siku moja. Una duka, una chama, una nduthi tatu za kukodisha. Kijana amekuja na wazo. Usiogope kumuuliza. Anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika.

Moja: Unafanyia majaribio kwenye mashine gani, na hiyo mashine ina akaunti yangu ndani?

Mbili: Funguo unazotumia sasa ni za majaribio au za kweli? Nionyeshe.

Tatu: Majina na nambari za wateja wangu ziko kwenye kompyuta yako? Kama ziko, kwa nini?

Nne: Kuna kiwango cha juu ambacho programu haiwezi kupita kwa siku? Kwa mfano, ikifika shilingi 15,000, isimame iniulize.

Tano: Ikituma mara mbili kwa bahati mbaya, itajuaje? Mfumo mzuri hukataa kulipa safari ile ile mara ya pili. Kama wa duka letu la Kayole ungekuwa na kinga hiyo, usiku ule ungeisha bila mtu kupoteza usingizi.

Na swali moja ambalo yeye hapaswi kukuuliza kamwe: PIN yako. Hakuna programu halali inayohitaji mtu mwingine ajue PIN yako. Awe mtoto wako, awe mhandisi, awe mtu anayesema anapiga simu kutoka kwetu. Hatuulizi PIN.

Ikishatoka je?

Ukituma pesa kwa mtu kimakosa kupitia M-Pesa kutoka simu yako, sambaza ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Kama ni malipo ya wengi kutoka akaunti ya biashara, piga simu kwa kampuni inayokuhudumia papo hapo, ukiwa na nambari za miamala mkononi. Usingoje asubuhi. Pesa ikishatolewa kwa ejenti au kutumika petroli, hakuna kitufe kinachoirudisha. Hapo unabaki na utu wa aliyeipokea. Na kabla ya kupiga simu, zima programu, ili isiendelee kutuma ukiwa unaeleza.

Dada wa Kayole alipigia waendesha nduthi wote 14 usiku ule. Tisa walirudisha kabla ya kulala. Wanne walikuwa wameshatumia, wakakubali kukatwa kidogo kidogo kwa wiki moja. Mmoja alizima simu na hajarudi kazini tangu siku hiyo. Hasara ya mwisho ilikuwa shilingi 1,150. Lakini asubuhi yake hakuwa na pesa ya kutosha kujaza mitungi, na wateja kadhaa walienda kwa jirani. Wengine wamebaki huko.

Ilichoumiza zaidi si hiyo 1,150. Kwa siku tatu hakuzungumza na kakake. Alituambia alitaka kuifuta programu yote arudi kwenye daftari. Kijana naye alikuwa ameanza kusema ataacha kozi. Mama yao ndiye aliyewaketisha chini, akauliza swali moja: kama mtoto anajifunza kupika na akaunguza sufuria, unafunga jikoni au unampa sufuria kuukuu?

Ile laptopu ya stika ya kijani ndiyo sufuria kuukuu. Kijana aliandika programu upya juu yake kwa mwezi mmoja, akaiharibu mara nyingi kwa hesabu yake mwenyewe, na hakuna simu hata moja iliyolia Komarock. Ilipofika siku ya kuanza kweli, walienda polepole. Kwanza walituma shilingi 10 kwa laini ya dada. Siku iliyofuata, mwendesha nduthi mmoja tu, akiwa amesimama pale dukani. Wiki iliyofuata, watatu. Sasa wanalipwa wote, saa moja jioni, na anayebonyeza kitufe ni dada mwenyewe kwenye laptopu ya stika nyekundu.

Tulipokuwa tunaondoka, mwendesha nduthi mmoja alipokea malipo yake ya siku. Aliangalia simu, akahesabu safari kwa vidole, akaitikia kwa kichwa na kurudisha simu mfukoni. Halafu akafunga mtungi wa kilo 6 nyuma ya nduthi na kuelekea Umoja.

Kama una mfumo unaotengenezwa sasa hivi na hujui uanzie wapi, fungua akaunti ya majaribio kwetu. Ni bure, na pesa iliyo ndani si pesa. Kosea huko mpaka uchoke.